Mkono Ubaki Ule wa Kike

Ninyi wasichana mnaonijia na simu zenu mpya kuniuliza, "Mama Kulwa, siri ya ukaguzi ni nini?", nawajibu hapa mara moja ili mniache nifunge mabegi yangu ya kurudi nyumbani kwa amani. Siri hakuna. Kuna macho, kuna masikio, na kuna kiherehere. Macho na masikio mtayatumia kila siku. Kiherehere kiacheni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, maana ndicho kilichonifanya nikaribie kumnyang'anya mama mmoja mzee wa Muheza kitu kimoja tu alichoniomba.

Nitafika huko, msinikimbize.

Kwa msionijua: mimi mzaliwa wa Mwanza, mama wa mapacha. Wachina wa soko la nguo la Shisanhang jina limewashinda, wananiita Mama Kulu, nami nimechoka kuwasahihisha. Miaka yangu yote hapa Guangzhou nimefanya kazi moja, kukagua vitambaa vyenye chapa kabla havijaingia kwenye kontena. Khanga, vitenge, sare za kwaya, mitandio. Mwenye mzigo yuko Arusha au Mbeya, kiwanda kiko huku, mimi niko katikati na miwani yangu.

Wiki zangu za mwanzo nilipitisha mzigo mzima wa khanga ulioandikwa ASANTE MAMBA. Ndiyo, chekeni. Nilikagua rangi, nikavuta uzi, nikapima pindo, nikanusa, nikasaini. Maneno sikuyasoma kwa sababu nilikuwa nayajua tayari. Nani asiyeijua khanga ya kumshukuru mama? Mchina aliyechora herufi hajui Kiswahili, anaichora M kama wewe unavyochora maandishi yake, akiona nafasi imebaki anajazia. Mzigo ukafika Dodoma. Wateja walicheka, mwenye mzigo hakucheka hata kidogo, akanitumia ujumbe ambao siwezi kuuandika hapa maana mimi ni mtu wa kanisani.

Aliyenifuta machozi ni Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Mombasa, alikuwa na ofisi ndogo katika jengo la Tianxiu, ghorofa za juu, anapeleka vitambaa Kenya tangu enzi ambazo mashine za kompyuta hazijaanza kuchapa nguo kama karatasi za ofisini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema, "Sasa sikiza. Maneno usiyasome, wayahesabu. Anza herufi ya mwisho uje mwanzo, moja moja. Ukisoma, akili yajaza yenyewe."

Hilo ndilo somo langu la kwanza na nawaachia bure. Mengine ya Bi Zuhura ni haya: jora usilikague mwanzo, mwambie laoban alifungue katikati, maana bosi yeyote mwenye akili vizuri anaviweka juu. Lowesha leso nyeupe, isugue rangi, utaona kama ni ya kukaa au ya kupita. Na geuza kitambaa, kitazame mgongoni. Laoban atakuambia "mei you wenti", hakuna shida, hakuna shida. Wewe geuza tu.

Sasa habari ya mama wa Muheza.

Karatasi yake aliniletea mfanyabiashara mmoja wa Tanga aliyekuja kununua magauni. Ilikuwa imebanwa katikati ya makaratasi magumu mawili, imefungwa nailoni, imefungwa tena kitambaa. Nilipoifungua ofisini kwangu nikakaa chini. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha kale, umeliwa na mchwa pembeni, na juu yake picha nyeusi iliyochapwa kwa mbao ya kuchonga, ya Ulaya, ya karne tano zilizopita kama alivyoandika padri mmoja kwa penseli nyuma yake. Habari ni ile ya mwanamke Msamaria. Kisima cha mawe kimeandikwa herufi za kigeni, Bwana Yesu amekaa ukingoni, amechoka, kanyoosha mikono miwili kupokea, na yule mwanamke anampa maji. Nyuma yao wanafunzi wanarudi kutoka mjini na mikate. Nimeona picha za rangi nyingi katika kazi hii, zenye dhahabu na malaika wa kung'aa, lakini ile nyeusi na nyeupe ilininyamazisha. Ungedhani utasikia maji yakidondoka.

Siku hiyo hiyo ikaja sauti kwenye simu. Nimeitunza mpaka leo.

"Mwanangu Mama Kulwa, mie ni Mama Getruda, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Naachia uenyekiti, nimezeeka. Nataka kuwaachia wenzangu mtandio mmoja mmoja wenye picha hii, jumla arobaini na miwili na wangu humo humo. Masharti sina. Rangi chagua weye. Ila mkono ubaki ule wa kike. Hilo tu nakuomba, mwanangu, mkono ubaki ule wa kike."

Nikajibu kwa heshima zote, shikamoo mama, nimekuelewa mama, hakuna shaka mama. Na kweli nilidhani nimeelewa! Wachoraji wa viwandani nawajua. Ukiwapa mwanamke wa Maandiko wanamfanya mcheza sinema, au wanampa kiganja kama cha mpagazi. Nikasema mama wa watu anataka mkono ubaki wa mwanamke, mwembamba, mpole. Kitu chepesi.

Viwanda vilinikatalia. Mitandio arobaini na miwili? "Bu xing," haiwezekani, niletee elfu. Mmoja alikubali kujaribu, akaipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta. Ile mistari myembamba ya kivuli ikashikana yote, uso wa Bwana ukatoka umejaa wino kama mchoma makaa. Nikairudisha karatasi yangu kwenye nailoni nikaenda kwa Bi Zuhura. Akanipeleka kwa Shifu Liang.

Shifu ni kama kusema fundi, ila kwa adabu. Mzee huyu alikuwa na chumba kimoja katika vichochoro vya Liwan, si mbali na kelele za Shisanhang. Ujana wake alichonga mbao za kuchapia picha za sikukuu, zile Wachina walizokuwa wakibandika milangoni. Picha hizo zilipoanza kutoka viwandani, akabaki anachonga mihuri ya watalii. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu, na daktari alikwisha kumpangia siku ya kulipasua.

Nilimwekea karatasi mezani. Hakuigusa. Alisimama, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaifuta, akasogeza chai mbali, ndipo akakaa. Akatoa lenzi. Nilikunywa chai yangu, nikanywa na yake, mzee bado ameinamia lenzi.

"Ai-ya," akasema mwishowe. "Huyu alikuwa fundi."

Tuliongea Kichina changu cha sokoni na vidole. Akanionyesha kwamba katika mbao ya namna hii unachoondoa kwa kisu ndicho kinachobaki cheupe, na mstari mweusi ni ule uliouacha umesimama. Kwa hiyo kila unywele wa yule mwanamke ni ukuta mwembamba wa mbao ambao mtu aliuzunguka kwa kisu pande zote mbili bila kuuvunja. Ukivunja mmoja, umekwisha, mbao haishonwi. Akanionyesha tone la maji linaloanguka kutoka kwenye chombo: ni kishimo kimoja tu, kidogo kama mbegu ya ufuta, kimechongwa mara moja kisu kikatoka. "Mimi tone hili ningelichonga mara tatu," akasema, "na mara zote tatu ningeliharibu." Mzee mwenye miaka yote ile, anasema hivyo juu ya mtu ambaye hata jina lake halijulikani. Nilimpenda hapo hapo.

Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Tazama mikono," akasema.

Nikatazama. Yule mwanamke alikuwa anampa Bwana Yesu maji kwa mkono wa kushoto! Nimeitazama picha siku tano, mimi mkaguzi mzima, sikuona. Na si yeye tu. Mwanafunzi wa nyuma anakata mkate kwa kushoto, mwingine ameshika fimbo kwa kushoto, wa tatu upanga wake umening'inia upande ambao asingeweza kuuchomoa kwa kulia. Kijiji kizima cha mashoto.

Shifu akanieleza. Mnajua muhuri wa mwenyekiti wa mtaa: maandishi kwenye mpira yako kinyume ndipo yatoke sawa kwenye karatasi. Mbao ni hivyo hivyo. Wachina hubandika mchoro juu ya mbao kifudifudi, kwa gundi ya wali, wanausugua mgongoni kwa kidole mpaka karatasi inakonda na mistari inaonekana, halafu wanachonga. Picha ikichapwa inatoka kama ilivyochorwa. Yule ndugu wa Ulaya aliuweka mchoro wake chali, akachonga kama alivyouona, ukatoka umegeuka. Herufi za kisimani alikumbuka kuzigeuza, kwa hiyo zinasomeka. Mikono akaisahau.

"Alihesabu herufi, hakuhesabu mikono," nikasema, nikajisikia mjanja kweli kweli.

Hapa ndipo kiherehere kilipoamka. Nilijiona ninashusha mitandio ile Muheza, kwa akina mama wa makamo, wenye heshima zao, wafungue waone mwanamke anamnywesha Bwana kwa mkono wa kushoto. Kwetu hata chumvi humpi jirani kwa mkono huo! Wangesema nimewatukana. Nikamwambia Shifu ageuze picha nzima, mkono uwe wa kulia, na herufi zibaki zinasomeka.

Mzee hakufurahi. "Ni kosa lake," akasema. "Limekaa miaka mingi. Kwa nini wewe ulitoe?"

"Kwetu ni aibu."

"Mwenye picha amesema nini?"

"Amesema mkono ubaki wa mwanamke. Uchonge mwembamba, mzuri."

Kumpigia simu Mama Getruda kungenichukua dakika mbili. Simu ilikuwa mkononi, imejaa chaji, naitumia kumulika picha. Sikupiga. Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu ambaye sikuwa nimemsikiliza.

Shifu akachonga. Alichagua mbao ya mpea, iliyokaushwa miaka, nzito, haina jicho wala ufa. Safari hii ilibidi abandike mchoro chali, kama yule wa Ulaya, na herufi tu azigeuze. "Ninarudia kosa lake ili nilisahihishe," akawa anasema na kutikisa kichwa. Nilikuwa nakwenda kumtazama baada ya kazi zangu za mchana, nakaa kwenye kigoda, namwona kisu anakivuta kuja kwake na kidole cha mkono mwingine kinakisindikiza, hakisukumi. Msipoteze nafasi ya kumwona mtu anayejua kazi yake akifanya kazi. Mimi nilijifunza zaidi pale kuliko viwandani.

Kuchapa tukachapa wawili. Pamba nyepesi tuliyoilowesha kidogo, ikiwa kavu inakunywa wino vibaya, ikiwa maji maji wino unatambaa. Anapaka wino kwa brashi, mimi naivuta nguo iwe sawa, tunailaza juu ya mbao, anaisugua mgongoni kwa kifuto cha nyuzi za mnazi wa kwao. Rangi niliyochagua ni buluu iliyoiva. Tulipoinua mtandio wa kwanza nilipiga kigelegele, majirani wakatoa vichwa madirishani. Mkono wa kulia, mwembamba, mpole, ungedhani bibi harusi. Tukamaliza yote. Nikapiga picha, nikamtumia Mama Getruda, nikakaa kungoja sifa zangu.

Siku ile kimya. Kesho yake kimya. Siku ya tatu ikaja sauti, fupi.

"Ahsante, mwanangu. Kazi ni nzuri, mafundi wako wana mikono. Ila mkono niliokuomba umeondoka. Basi, si neno. Tuma tu."

Nilikasirika, sitawadanganya. Mkono umeondoka wapi? Nimezunguka mji mzima, nimemtafutia fundi ambaye viwanda vyote vikipangwa mstari havimfikii, nimemwondolea aibu bila hata kumwambia, halafu mkono umeondoka? Nikapanda Tianxiu kwa Bi Zuhura, sikubisha hodi vizuri, nikamwekea sauti zote mbili azisikie mwenyewe aone watu wanavyokosa shukrani.

Bi Zuhura alisikiliza. Akaomba arudie ile ya kwanza. Akaweka kalamu chini.

"Mama Kulwa. Wewe 'mkono wa kike' wafahamu ni upi?"

"Si mkono wa mwanamke?"

Alicheka mpaka akashika meza. Akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaanza tena. "Yarabi! Huko bara mwafunzwa nini? Kanisani kwenu hamusemi mkono wa kuume?"

"Tunasema. Kuume ni kulia."

"Na mwenzake wa kuume ni upi?"

Nikaitazama mikono yangu. Miaka yote nimetamka kuume kwenye ibada, nikajua ni kulia, wala sikuwahi kujiuliza ule mwingine wanauitaje.

"Wa kike, mama! Mkono wa kike ndio wa kushoto. Bibi zetu wote wasema hivyo, pwani yote, Tanga yote. Huyo mama alikuambia mkono ubaki wa kushoto, akakuambia mara mbili, nawe ukaung'oa."

Nikaiweka simu sikioni, nikaisikia tena ile sauti ya kwanza. Bi Zuhura aliacha kucheka aliponiona, akanisogezea kiti, akaniambia, "Mpigie. Sasa hivi, mbele yangu. Usimwandikie."

Nikapiga. Nikaamkia. Nikamweleza Mama Getruda kila kitu, kuanzia Kiswahili changu cha Mwanza mpaka aibu niliyomwogopea. Nilidhani atanikemea. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima, akasema, "Kumbe! Nami nikadhani hata weye huutaki mkono huu." Kisha akanihadithia.

Alizaliwa mashoto. Shuleni mwalimu alimfunga mkono ule kwenye dawati kwa kamba ya mkonge, alama anayo mpaka leo. Nyumbani bibi yake aliyemlea hakupokea kitu kutoka mkono ule, hata kijiti. "Nikimpelekea maji ananiambia badili mkono. Nikibadili namwaga. Nikimwaga napigwa." Wenzake walimwambia ana mkosi. Naye akaamini, kwa nini asiamini? Siku moja, msichana wa miaka kama kumi, anafagia chumba cha padri, akafungua kitabu kikubwa cha wamisionari akaiona picha. Akahesabu mikono yake mwenyewe na ya yule mwanamke, akahesabu tena. Akakificha kitabu ndani ya khanga akakimbia nacho nyumbani.

"Bibi yangu kusoma hakujua. Akaniuliza, huyu nani? Nikamwambia Bwana Yesu. Na huyu? Mwanamke wa kisimani. Akatoka na kitabu mlangoni penye mwanga. Akakitazama, mwanangu, akakitazama. Kisha akasema, nina kiu. Nikachota kwenye mtungi kwa mkono huu huu. Akapokea kwa mikono miwili. Akanywa mpaka kata ikaisha."

Kitabu kikaja kikaliwa na mchwa, ukabaki ukurasa ule mmoja. Na sasa, anazeeka, alitaka wenzake wabaki nao kichwani na mabegani, mahali pa kuonekana, na watoto wao wauone.

Mimi nalia, Bi Zuhura analia na kujifanya anatafuta risiti. Nikaona nisimfiche Mama Getruda kitu tena. Nikamwambia, "Mama, fundi Mchina anasema ule mkono ni kosa. Yule aliyechonga aliusahau kuugeuza. Hakukusudia."

"Pengine," akasema. "Lakini bibi yangu alikunywa."

Nikateremka nikanunua machungwa, nikaenda Liwan nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga barabara nzima ya Huanshi. Siku ya daktari ilikuwa imebaki wiki mbili na ushei. Nilimweleza Shifu kwa Kichina changu kibovu: mtoto, kamba, bibi, maji. Sijui alielewa ngapi. Nilipofika kwenye maji alinyanyua kiganja nisimame, akaenda kwenye kona, akaileta ile mbao yetu, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa mtupu, laini, haujaguswa.

"Mbao ina pande mbili," akasema. "Kaa."

Safari hii akabandika kama alivyofundishwa na baba yake, kifudifudi. Jicho lilikuwa limezidi ukungu, mistari ya kivuli haioni vizuri, kwa hiyo mimi nikawa jicho lake. Nashika lenzi juu ya karatasi ya zamani, namhesabia: chini ya kiwiko mistari kumi na mmoja, wa nne umekatika, wa saba mnene. Anachonga. Nahesabu tena. Siku tisa, kuanzia chakula cha mchana mpaka jua lizame, mizigo ya watu nikiikagua asubuhi. Na katika kuhesabu ndipo nilipoona jambo ambalo sikulijua. Uso wa Bwana una mistari mizuri. Kisima kina mistari mizuri. Lakini mkono ule wa mwanamke una mistari myembamba kuliko popote katika picha nzima, mpaka kucha, mpaka mkunjo wa kifundo. Aliyeuchonga pengine hakujua ni mkono gani anaouchonga. Lakini hakuuchonga ovyo. Nikamwambia Shifu.

"Nilikuambia alikuwa fundi," akajibu, bila kuinua kichwa.

Tone la maji alilichonga mara moja. Akaweka kisu chini, akanitazama, tukacheka wote wawili.

Tulichapa upya yote. Mitandio ile ya mwanzo, ya mkono wa kulia, Mama Getruda alikataa itupwe, akasema, "Wape wanaume wa kwaya, wavae shingoni, wao hawana tatizo na mkono huo." Jicho la Shifu lilipasuliwa salama. Siku ya kwanza kuruhusiwa kusoma alinipigia simu kunitukana, ameuona mstari wa tisa kwenye kiwiko, anasema nilihesabu vibaya. Nilihesabu vibaya kweli.

Mitandio ikafika Muheza. Jumapili moja alasiri nilikuwa na Bi Zuhura kwenye mgahawa mmoja wa Huanshi, wali umekwishaletwa, simu ikaita. Ni video. Huko kwao ibada ilikuwa imetoka ndiyo kwanza. Nikaona ua wa kanisa, nikaona akina mama wamejipanga wamevaa nyeupe, na mbele yao bibi mmoja mfupi ambaye sikuwahi kumwona sura, na furushi la buluu kwenye kiti. Hakutoa hotuba. Alikuwa anachukua mtandio mmoja, anamtazama mwenzake, anamwita jina lake la nyumbani, anampa kwa mkono wa kushoto. Wa kwanza alisita kidogo tu, nilimwona, kisha akapiga goti akapokea kwa mikono miwili. Wa pili akapiga goti moja kwa moja. Na wa tatu. Bi Zuhura alikuwa amenishika kiwiko hajui kwamba ananiumiza. Nilikuwa nalia waziwazi, mwenye mgahawa akanisogezea karatasi za kujifutia akidhani kuna msiba.

Furushi likaisha, ukabaki mtandio mmoja. Mama Getruda akaukunjua, akautazama, akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Huu ulikuwa wangu," akasema. "Lakini mie nina karatasi. Huu wako, Mama Kulwa."

Akaunyoosha kuelekea kwangu, kwa mkono ule wa kike, akautuliza hapo, akingoja. Nikasukuma sahani ya wali. Nikasimama katikati ya watu, nikapiga goti mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai, nikanyoosha mikono yangu yote miwili.

"Nimepokea, mama," nikasema.